Siki, Jasho na Tawakali

Utomvu wa mnazi unaokingwa alfajiri kwa kibuyu, Kilwa Kivinje au Mchinga, hupita katika hukumu tatu kabla mwezi haujaandama tena. Saa za mwanzo ni maji matamu, halali kwa mtoto na kwa mzee. Jua likipanda, hamira iliyomo hewani na iliyoganda ndani ya kibuyu huanza kuila sukari, ambayo ni kiasi cha asilimia 12 hadi 15 ya utomvu, na kufika kesho yake kinywaji kimekuwa tembo kali, haramu kwa Mwislamu, tone lake sawa na mtungi wake. Likiachwa mahali penye hewa, bakteria wa aina nyingine huugeuza ulevi ule kuwa asidi, na tembo likawa siki: kitoweo ambacho Mtume Muhammad alikisifu, kwa hadithi ya Jabir iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Hakuna aliyetia kitu wala aliyetoa kitu. Muda umepita, viumbe wasioonekana wamefanya kazi yao, na kilichokuwa haramu kimerudi kwenye sahani.

Mageuzi hayo yanagusa jambo kubwa kuliko kitoweo. Kwa mafundisho yanayosomwa katika vyuo vya pwani, mwili ni amana, na aliyepewa amana ataulizwa. Afya na maradhi, riziki na ajali, navyo vimo katika kadari. Basi anayehangaika kupunguza mafuta katika damu yake, anaitunza amana au anashindana na kadari? Zamani swali hili lilikuwa la wanazuoni na wagonjwa mahututi. Sasa limehamia kwenye maduka ya dawa na mikononi mwa wachuuzi, kwa sababu virutubisho vya mboga zilizochachushwa, vikiwa unga au kapsuli, huuzwa kwa ahadi ya kushusha lehemu na kuupa mwili antioksidanti, na mnunuzi huambiwa afanye na mazoezi. Shauri hilo la mwisho hutajwa haraka haraka, kama salamu ya kuagana. Nalo ndilo lenye uzito, na ndilo pekee lisilo na bei.

Hofu yenyewe ina msingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kiasi cha robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana lehemu iliyozidi, na kiasi kama hicho wana shinikizo la juu la damu. Pwani ya kusini ina sababu yake ya ziada ya kujitazama: mafuta ya nazi ni mafuta yaliyoshiba kwa zaidi ya asilimia 80, nayo hupandisha lehemu mbaya, yaani ile inayojengeka katika kuta za mishipa. Mvuvi au mkulima anayechoma nguvu mchana kutwa alikula wali wa nazi na samaki wa kupaka bila mashaka makubwa. Mwanawe anayekaa ofisini na kurudi nyumbani kwa bodaboda anakula chakula kilekile.

Vyakula vya kuchachusha si wageni hapa. Ibn Battuta alipopita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, aliandaliwa Mogadishu wali wa samli pamoja na maziwa ya mgando, ndimu zilizochachushwa, vichane vya pilipili vilivyolowekwa kwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. (Pilipili hizo hazikuwa hizi kali za leo, ambazo wakati huo zilikuwa bado Amerika.) Kutoka huko alipitia Mombasa akafika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi alizotoa, na akaandika kwamba watu wa mji ule ni wacha Mungu wafuatao madhehebu ya Imamu Shafi. Achari na fiqhi ya Kishafi zimekaa pwani hii pamoja kwa karne nyingi, kwa hiyo si ajabu kwamba fiqhi hiyo ina mengi ya kusema kuhusu kilichomo katika chupa ya achari.

Kuchacha kwa mboga hakufanani na kuchacha kwa tembo. Kabichi ikikatwakatwa na kutiwa chumvi ya kiasi cha asilimia 2 au 3 ya uzito wake, hutoa maji yake, na katika maji hayo ya chumvi, yasiyo na hewa, hustawi bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi ya laktiki. Asidi hiyo huzuia vijidudu vingi vya kuozesha na kuambukiza, na mboga hukaa kwa miezi. Ndivyo inavyotengenezwa kimchi ya Korea, na kabichi chachu ya Wajerumani. Achari ya ndimu ya pwani ina njia yake. Ndimu hupasuliwa mara nne bila vipande kuachana, hujazwa chumvi, hushindiliwa ndani ya chupa na kuwekwa juani siku baada ya siku, mpaka ganda linalainika na kuwa la rangi ya kahawia, na maji yake kuwa mazito. Hapo ukali wa mwanzo ni wa ndimu zenyewe. Bakteria wana nafasi ndogo. Achari nyingi za madukani hazikuchachuka kabisa, zimetiwa siki tu. Mtu anayesifu achari kwa faida za bakteria hai huenda anasifu chupa isiyo na hata mmoja.

Katika njia zote hizo chembe ya ulevi huweza kuzaliwa, kwa kuwa baadhi ya bakteria wa kabichi hutoa alkoholi kidogo pamoja na asidi. Hapo ndipo swali la uhalali linapoanza. Kanuni ya Kishafi inajulikana hata kwa mwanafunzi wa chuo: kila kilevyacho ni hamri, na ambacho kingi chake hulevya, kidogo chake ni haramu. Wasomaji wa juu juu huigeuza kanuni hii wakadhani chembe yoyote ya alkoholi inaharamisha chakula kizima, ingawa mkate, ndizi iliyoiva sana na maziwa ya mgando navyo vina chembe hizo. Kanuni inauliza kama kile chakula chenyewe, kikiliwa kingi, kinalevya. Kabichi chachu haimlevyi mtu hata akila pipa. Atakachopata ni tumbo. Nchi ambazo Waislamu wake ni Washafi kama wa Kilwa zimeliwekea jambo hili vipimo vya maabara. Malaysia huruhusu kinywaji ambacho hakikukusudiwa kuwa ulevi iwapo alkoholi yake iliyotokana na kuchacha haifiki asilimia 1, na Baraza la Maulamaa la Indonesia, kwa fatwa ya mwaka 2018, liliweka mpaka wa asilimia 0.5 kwa vinywaji.

Kabla ya maabara kulikuwa na saa na pua. Muslim anapokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alikuwa akilowekewa zabibu katika maji, akinywa siku hiyo, siku ya pili na ya tatu; ikifika jioni ya siku ya tatu, kilichosalia kilimwagwa. Jambo la kuangaliwa ni kwamba hakukuwa na woga wa kuchacha kwenyewe. Kulikuwa na uangalizi wa mpaka, na mpaka uliwekwa mapema kuliko hatari. Mwenye kuuza tembo tamu Lindi hufuata hesabu ya namna hiyo kila siku, hata kama hajapata kuisikia hadithi hiyo: linywewe kabla ya adhuhuri, au lisinywewe na mwenye kuswali.

Kuhusu siki fiqhi imeingia ndani zaidi. Imamu Nawawi, katika Minhaj at-Talibin, kitabu ambacho kwa vizazi kimekuwa nguzo ya elimu ya Kishafi pwani nzima, anaeleza kwamba hamri ikigeuka siki yenyewe inakuwa tohara, na chombo chake kinatohara pamoja nayo. Ikihamishwa kutoka juani kwenda kivulini au kutoka kivulini kwenda juani ikageuka, ni tohara pia, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Lakini ikigeuka kwa kutiwa kitu ndani yake, kama kitunguu au mkate wa moto, haitohariki, kwa sababu kile kilichotiwa kilinajisika na kubaki humo. Wahanafi wanaruhusu kugeuza kwa makusudi. Washafi wanategemea hadithi ya Anas, ambamo Mtume aliulizwa kama hamri inaweza kufanywa siki akakataa. Mpishi wa Kilwa anayenunua siki ya mnazi anauliza, kwa haki kabisa, kama iligeuka yenyewe au iliharakishwa.

Washafi wana jambo jingine lisilotajwa mara nyingi: hamri yenye heshima. Maji ya matunda yaliyokamuliwa bila kukusudia ulevi, kwa mfano na mtu anayetaka siki, hupita katika hatua ya ulevi njiani. Kwa saa hizo ni najisi na hainyweki, lakini haimwagwi, na anayeiharibu amemkosea mwenyewe. Nia ya aliyekamua imeipa heshima ambayo kinywaji kilekile kisingekuwa nayo katika kilabu. Bakteria hawajui nia ya mtu. Sheria inaijua, na inaihesabu.

Kwa kapsuli hoja inahama kutoka kwa kilichomo kwenda kwa ganda. Maganda mengi hutengenezwa kwa jelatini ya ng'ombe au ya nguruwe. Wapo maulamaa wa zama hizi, hasa wanaofuata mwelekeo wa Kihanafi, wanaoona kwamba jelatini imegeuka dhati yake kama tembo lilivyogeuka siki. Washafi hawakubali mlinganisho huo kwa wepesi: kwao kugeuka kunakotohara kuna mipaka yake, siki iliyogeuka yenyewe na ngozi iliyotiwa dabaghi, na hata dabaghi haimtohari nguruwe wala mbwa. Siku hizi yapo maganda ya mimea, na anayetaka usalama wa dini yake anasoma kibandiko. Hilo ni jepesi. Gumu linakuja baada ya uhalali kuthibiti.

Kitu kikishakuwa halali, je, kukitafuta kwa ajili ya afya ni kupungukiwa na tawakali? Itikadi ya Kiash'ari, ambayo ndiyo ya maulamaa wengi wa pwani, inafundisha kwamba chakula hakishibishi kwa nguvu zake na moto hauunguzi kwa tabia yake. Mungu huumba shibe pamoja na kula, na huumba kuungua pamoja na moto, kwa desturi aliyoiweka mwenyewe. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ndiye aliyeiendeleza hoja hiyo kwa mfano wake mashuhuri wa pamba na moto. Mtu anaweza kudhani kwamba mafundisho haya yanavunja sababu zote: ikiwa dawa haiponyi, ya nini kuinywa? Ghazali huyohuyo, katika mlango wa tawakali wa kitabu chake Ihya, anafika kwenye hitimisho tofauti kabisa. Sababu ni desturi ya Mungu, na anayezipuuza amepuuza desturi hiyo.

Anazigawa sababu zinazoondoa madhara katika daraja tatu. Ya kwanza ni ya yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. Kuiacha si tawakali. Ni haramu mtu akihofia kufa. Ya pili ni ya dhana yenye nguvu, kama matibabu yanayojulikana kwa waganga wa zama zake, kuumika na dawa za kuharisha. Kuifuata hakuvunji tawakali, na kuiacha si haramu. Ya tatu ni ya kuwaziwa tu, na mifano yake ni kuchoma kwa moto na mazinguo. Mwenye tawakali kamili anaiacha. Mgawanyo huu una jambo moja kubwa: daraja ya kitu katika dini inategemea nguvu ya ushahidi wake. Kwa hiyo anayeuliza kama inafaa kwa mwenye imani kununua kapsuli za kabichi hawezi kujibiwa kwa aya na hadithi peke yake. Ni lazima kwanza ijulikane kapsuli hizo zimo katika daraja gani. Kupima ushahidi wa dawa kunakuwa sehemu ya dini, kama kupima isnadi ya hadithi.

Kuchachusha kwenyewe kumesambaa katika daraja zote tatu. Muhogo mchungu ulio chakula cha kila siku cha Lindi na Mtwara una sianidi, na kuuloweka ukachacha kabla ya kuukausha huipunguza sana. Mahali ambapo njaa au haraka imewafanya watu waukaushe bila kuuloweka, wamepatwa na konzo, maradhi yanayopoozesha miguu ghafla na moja kwa moja. Mtwara yaliripotiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuloweka muhogo mchungu kumekaribia yakini, na mama anayekataa kuuloweka kwa hoja ya kadari hana utetezi. Togwa, uji uliotiwa kimea na kuachwa uchachuke, imo katika dhana yenye nguvu: watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na wenzao wa Sweden walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba watoto wadogo waliokunywa uji wa namna hiyo walipungukiwa na kuharisha na vijidudu vyake.

Mboga zilizochachushwa kwa ajili ya mafuta ya damu zinasimama chini zaidi. Majaribio yapo, lakini ni madogo na mafupi. Mwaka 2013 watafiti wa Korea waliwapa vijana 100 wenye afya kimchi kwa siku saba, nusu yao gramu 15 kwa siku na nusu gramu 210. Lehemu ilishuka katika makundi yote mawili. Habari hiyo inafurahisha mpaka mtu ajiulize ilikuwaje waliokula kijiko kimoja nao wakashuka. Huenda ni mpangilio wa mlo wa juma lile uliofanya kazi. Jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililochapishwa mwaka 2021 lilikuwa la uangalifu zaidi: watu 36, na waliokula vyakula vingi vilivyochachushwa kwa wiki 10 walionekana kuwa na aina nyingi zaidi za bakteria tumboni na dalili chache za uvimbe mwilini. Hilo ni jambo la maana. Lakini walikula vyakula, wala si kapsuli, na waliopimwa walikuwa wazima. Kutoka hapo hadi kibandiko kinachoahidi mishipa safi ni safari ndefu, na mchuuzi anairuka kwa hatua moja. Isitoshe, chumvi inayochachusha mboga ni adui wa mwenye shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, na mpenzi wa achari hufika huko haraka.

Antioksidanti zina kisa kinachostahili kusimuliwa pole pole. Mwili ukichoma chakula kwa oksijeni huzaa chembe kali zinazoweza kuharibu seli na kuyageuza mafuta ya damu yawe hatari zaidi kwa mishipa. Mboga na matunda zina vitu vinavyozituliza chembe hizo, na walao mboga nyingi huugua moyo kwa uchache. Ikaonekana wazi: vitolewe vitu hivyo, vitiwe katika vidonge, wapewe watu. Finland walifanya hivyo kwa wavutaji sigara wanaume zaidi ya 29,000, na matokeo yakatoka mwaka 1994: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18, kuliko wasiopewa. Jaribio kama hilo Marekani lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu hiyohiyo. Kilichokuwa dhana nzuri kikawa madhara.

Jaribio la Ujerumani la mwaka 2009 linakwenda ndani zaidi, kwa kuwa lilichanganya vidonge na mazoezi. Vijana wa kiume walifanya mazoezi kwa wiki nne, baadhi wakimeza vitamini C na E za kipimo kikubwa. Wale waliofanya mazoezi bila vidonge miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi na kuzalisha kinga zake yenyewe dhidi ya zile chembe kali. Waliomeza vidonge walizikosa faida hizo. Chembe kali zinazozaliwa na jasho ndizo zinazouamsha mwili ujilinde. Ukizizima kwa kidonge, mwili unabaki umelala. Muumini anayesoma kwamba pamoja na uzito upo wepesi hatashangaa sana, ingawa ni vizuri asiharakishe kudai kwamba maabara imethibitisha aya. Maabara hubadilisha kauli, na aya haihitaji kufungwa kwenye mkia wake.

Mazoezi yenyewe yamo katika dhana yenye nguvu, karibu na mpaka wa yakini. Hushusha mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi, hupandisha kidogo lehemu nzuri, hutuliza shinikizo la damu na kisukari. Lehemu mbaya hayaigusi sana. Hapo dawa za statini, zinazoishusha kwa asilimia 30 hadi 50 kutegemea kipimo, zina nguvu ambayo kutembea hakuna. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Mwanamke wa Songo Songo anayelima mwani na kubeba kuni hupita kiwango hicho bila kujua kwamba kipo, na kumshauri afanye mazoezi ni kumtania. Shauri linamhusu aliyeketi.

Pwani hii inajua gharama ya sababu iliyowekwa katika daraja isiyo yake. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa ambayo wapiganaji waliamini yatazigeuza risasi kuwa maji. Vita vya Maji Maji vilianzia Nandete, katika vilima vya Matumbi wilayani Kilwa. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa vichanga. Mapigano na njaa iliyofuata viliua watu makumi ya maelfu. Si haki kuicheka imani ile. Maji yaliyaunganisha makabila ambayo hakuna hotuba ingeyaunganisha, na walioyanywa walikuwa na dhuluma halisi ya kupigana nayo. Lakini kama kinga ya risasi yalikuwa katika daraja ya kuwaziwa, na yalichukuliwa kuwa ya yakini.

Kwa mazoezi kuna swali jingine, la nia. Mtu aliyeambiwa na daktari atembee, naye akaamua kwenda msikitini kwa miguu kwa swala zote, anapata thawabu za hatua zile zilizoahidiwa katika hadithi, au amelipwa tayari kwa kushuka kwa trigliseridi? Nawawi ana mfano wa karibu: anayetia udhu huku akinuia pia kujipoza joto, udhu wake unasihi kwa kauli sahihi, mradi nia ya udhu ipo. Aliyepata kutia udhu Lindi mwezi wa Februari ataelewa kwa nini swali hilo liliulizwa. Kusihi ni jambo moja na thawabu ni jingine, na hapa maulamaa waligawanyika. Ghazali anatazama kilicho kizito: kama msukumo wa dini ndio uliotawala, thawabu ipo kwa kadiri yake. Izzuddin bin Abdissalam anasema nia mbili zikichanganyika thawabu haipo. Kauli ya Ghazali inaendana zaidi na wanadamu walivyo. Wachache sana hufanya tendo lolote kwa sababu moja. Na wapo wanaokwepa ugomvi wote kwa kuinuia afya yenyewe kuwa ibada, yaani kuutunza mwili ili uweze kufunga, kuswali na kulea. Hapo nia mbili zimekuwa moja.

Imebaki hukumu ya wajibu. Washafi wa kale waliona kutafuta tiba ni sunna, si faradhi, kwa hoja kwamba tiba haina yakini ya mkate. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi inawaamuru waja watafute dawa, kwa kuwa Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia tiba, isipokuwa uzee. Wakaichukua amri hiyo kuwa ya mapendekezo. Khalifa Umar, alipoambiwa kwamba kuikwepa tauni ya Sham ni kuikimbia kadari, alijibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari yake nyingine. Jibu hilo linaondoa lawama kwa anayejitibu, ila halimlazimishi kila mtu. Mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba Jeddah, lilipambanua: tiba ni wajibu ikiwa kuiacha kutaleta mauti, kupoteza kiungo, ulemavu au kuambukiza wengine, ni sunna pale inapohofiwa udhaifu mdogo kuliko huo, na katika hali nyinginezo ni mubaha, yaani ruhusa tu.

Lehemu iliyozidi inasumbua mgawanyo huo kwa sababu haiumi. Aliyekwisha kupatwa na kiharusi au shambulio la moyo, akaambiwa na daktari kwamba bila statini hatari ya kurudiwa ni kubwa, amekaribia sana wajibu, na kuacha dawa kwa jina la tawakali ni kulitumia jina hilo vibaya. Kijana ambaye kipimo chake kimezidi kidogo yuko katika sunna, na sunna yake ni mwendo, kupunguza tui zito na kuacha sigara. Kapsuli za mboga zilizochachushwa, zikiwa na ganda halali na zisipomfanya mtu aache dawa aliyoandikiwa, ni mubaha, kama achari. Mubaha nao una masharti: fedha inayonunua kapsuli isiwe fedha ya nafaka. Kwa fiqhi ya Kishafi chakula cha mke na watoto ni wajibu ulio juu ya mume, naye hana ruhusa ya kutoa hata sadaka kwa fedha inayohitajika kwa chakula hicho, sembuse kununua kitu ambacho faida yake ni ya kuwaziwa.